Fahirisi ya Usalama wa Hospitali: anza na matangi, alama iache mwisho

Ukimuuliza mganga mfawidhi kama hospitali yake itafanya kazi siku ya pili baada ya tetemeko au mafuriko, jibu la kwanza huwa "mpango wa maafa tunao". Fahirisi ya Usalama wa Hospitali, kifaa cha kukagua kama hospitali itaendelea kutoa huduma wakati wa janga, haianzi kwa kuomba kuonyeshwa mpango. Inauliza tangi lina lita ngapi, jenereta inashika baada ya sekunde ngapi, ufa kwenye nguzo una upana wa milimita ngapi. Kwa hilo peke yake inastahili kupakuliwa, na kwa kuwa inatolewa bure, kisingizio cha bajeti hakipo.

Jina lake rasmi ni Hospital Safety Index. Wenye nayo ni Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na PAHO ambayo ni ofisi yake ya bara la Amerika. Toleo la kwanza lilitoka 2008 kwa ajili ya nchi za Amerika ya Kilatini na Karibi. Toleo la pili la 2015 lilitanuliwa ili litumike popote duniani, nalo ndilo tunalolipitia hapa. Furushi lina mwongozo wa wakaguzi, fomu mbili, na kikokotoo cha Excel. Fomu ya kwanza ni ya taarifa za hospitali, na inajazwa na hospitali yenyewe kabla wakaguzi hawajafika. Ya pili ndiyo orodha ya ukaguzi. Chapisha fomu tu. Mwongozo ubaki kwenye simu au kompyuta ya kila mkaguzi, kwa sababu maelezo ya nini kihesabiwe "chini", "wastani" au "juu" kwa usalama yamo humo, na anayejaza fomu bila kuyasoma anabahatisha.

Kilichozaa kifaa hiki ni majengo yaliyoanguka na wagonjwa ndani. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko liliporomosha jengo la Hospitali Juárez katika Jiji la Mexico, na mamia ya wagonjwa na wafanyakazi wakafukiwa. Lakini kwa mtu wa hospitali, funzo kubwa zaidi liko California, katika hospitali ya Olive View. Jengo lake liliharibiwa na tetemeko la 1971, likajengwa upya likiwa imara kupita kawaida. Tetemeko la Januari 1994 lilipokuja, kuta na nguzo zilisimama vizuri. Mabomba ya maji ndani ya dari yakapasuka, maji yakamwagika wodini, na wagonjwa wakahamishwa. Jengo lilipona, huduma ikafa. Fahirisi imejengwa juu ya tofauti hiyo, ndiyo maana sehemu yake nene kuliko zote haihusu nguzo.

Kuna moduli nne. Ya kwanza inapima majanga yanayoweza kuifika hospitali, na haiingii kwenye alama. Ya pili ni uimara wa jengo lenyewe, vipengele 18. Ya tatu ni kila kitu kilichomo ndani ya jengo na kinacholihudumia, yaani umeme, maji, gesi, mawasiliano, dari, madirisha, samani na vifaa tiba: vipengele 93. Ya nne ni usimamizi wa dharura, vipengele 40. Jumla 151. Kikokotoo kinatoa namba kati ya 0 na 1. Kuanzia 0.66 kwenda juu ni daraja A, hospitali ambayo huenda itaendelea kufanya kazi wakati wa janga. Kati ya 0.36 na 0.65 ni B, inayohitaji marekebisho ndani ya muda mfupi. Chini ya hapo ni C, na marekebisho yake hayana kusubiri.

Moduli ya kwanza ndiyo inayopitishwa haraka haraka, na ndipo makosa yanapoanzia. Timu nyingi huweka "hakuna" kwenye tetemeko kwa sababu hakuna mtu kazini anayekumbuka tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016 Kagera ilitikiswa kwa kipimo cha 5.9, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikabomoka vibaya. Nani Bukoba angeweka tiki kwenye tetemeko mwezi Agosti mwaka ule? Katesh, chini ya Mlima Hanang, ilifunikwa na tope tarehe 3 Desemba 2023. Goma ilipitiwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2002, na mlima ukatapika tena Mei 2021. Njia sahihi ya kujaza sehemu hii ni kukaa na ramani ya bonde la ufa, ramani ya mabonde ya mito, na wazee wawili watatu wa eneo wanaojua maji yalifika wapi mwaka wa El Niño wa 1997. Kumbukumbu ya watumishi haitoshi, kwa sababu watumishi huhama.

Moduli hiyo haina alama, lakini inaamua kitu kizito: kikokotoo kina mizani miwili. Mizani ya kwanza ni ya maeneo ya matetemeko na vimbunga, na inalipa jengo asilimia 50, vilivyomo ndani asilimia 30, usimamizi asilimia 20. Mizani ya pili ni ya maeneo mengine, na inagawa theluthi kwa theluthi. Sasa chukua hospitali yenye 0.9 kwa jengo, 0.5 kwa vilivyomo ndani na 0.4 kwa usimamizi. Kwa mizani ya kwanza inapata 0.68, daraja A. Kwa mizani ya pili inapata 0.60, daraja B. Hakuna koki iliyofungwa wala rafu iliyofungiwa bolti, kilichobadilika ni chaguo moja tu kwenye kompyuta. Kwa hiyo ukiona ripoti inayojisifu kwa A, uliza kwanza mizani gani imetumika, kisha omba alama za moduli tatu kila moja peke yake. Hospitali yenye jengo jipya la kupendeza na jenereta isiyowaka inaweza kujificha nyuma ya ile asilimia 50.

Kwenye jengo, Fahirisi inajitahidi kutoa vipimo ambavyo hata asiye mhandisi anaweza kuvishika, na hapo tunaipongeza. Ufa wa zege unaozidi milimita 3, au kutu inayobanduka magamba kwenye nondo, ni alama ya chini. Ufa wa milimita 1 hadi 3 ni wastani. Chini ya milimita 1 ni juu. Nafasi kati ya majengo mawili yanayokaribiana inapimwa kwa urefu wa lile fupi: ikiwa chini ya asilimia 0.5 ni mbaya, ikizidi asilimia 1.5 ni nzuri. Kwa jengo fupi la mita 6, hiyo ni sentimita 3 kwa mbaya na sentimita 9 kwa nzuri. Nenda na rula kwenye kiungo cha wodi ya zamani na jengo la OPD (wagonjwa wa nje) lililoongezwa baadaye. Mara nyingi utakuta nafasi imezibwa kwa lipu ili mjusi asiingie, maana yake majengo hayo yatagongana.

Kuna kipengele kimoja ambacho timu zisizo na mhandisi hukikosa karibu kila mara: nguzo fupi. Ukuta wa tofali ukijengwa kati ya nguzo mbili mpaka nusu, halafu juu yake yakaachwa madirisha mapana, ile sehemu ya nguzo iliyobaki wazi kando ya dirisha ndiyo inayobeba msukumo wote wa tetemeko. Inakatika kwa mshazari, kama muwa. Korido za hospitali zetu zimejaa muundo huu kwa sababu ya hewa na mwanga. Fahirisi inauliza juu ya uhusiano wa kuta na mhimili wa jengo, ila kulitambua kosa lenyewe kunataka jicho la mhandisi. Ndiyo maana moduli hii bila mhandisi wa majengo ni kupoteza karatasi. Mwongozo wenyewe unasema wazi kwamba Fahirisi haichukui nafasi ya uchunguzi kamili wa kihandisi.

Kwa Tanzania kuna njia ya mkato halali. Hospitali nyingi za halmashauri zilizojengwa kuanzia 2018 zimefuata ramani zinazofanana, kwa utaratibu wa force account, yaani mafundi wa eneo chini ya usimamizi wa halmashauri. Mhandisi akishachambua ramani ya jengo moja, vipengele vya umbo, idadi ya nguzo na kutofautiana kwa urefu wa ghorofa vinaweza kuhamishiwa kwenye hospitali nyingine za ramani hiyo. Visivyohamishika ni msingi, ubora wa zege, na paa, kwa sababu hivyo vilitegemea udongo na fundi wa mahali pale.

Paa lisipuuzwe kwa kuwa tu hatuko Karibi. Kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, na Hospitali Kuu ya Beira ikaezuliwa sehemu ya mapaa na kupoteza vyumba vya upasuaji. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania. Unapokagua, panda darini na tochi. Angalia kenchi imefungwaje kwenye mkanda wa zege juu ya ukuta. Kama imekalishwa tu juu ya ubao na kupigwa misumari miwili ya kulalia, upepo utainyanyua kenchi pamoja na bati zake. Inatakiwa bolti au ukanda wa chuma uliozamishwa kwenye zege. Halafu hesabu vishikizo vya bati kwenye kingo na kwenye kofia ya paa, maana upepo huanza kung'oa hapo. Misumari ya kawaida hulegea joto na baridi zikipishana. Skrubu zenye washa ya mpira hukaa zaidi, na kwenye kingo ziwekwe kwa nafasi ndogo kuliko katikati.

Tuingie kwenye vipengele 93. Hapa ndipo Fahirisi inapolipa muda wako, na ndipo wakaguzi wanapochoka wakaanza kuweka "wastani" kila mahali.

Umeme kwanza. Kipimo cha juu ni chanzo mbadala kinachowaka chenyewe ndani ya sekunde 10 na kubeba zaidi ya asilimia 70 ya mahitaji ya maeneo nyeti. Jenereta ya kuwashwa kwa mkono, au isiyobeba zaidi ya asilimia 30, inapata chini. Usikubali kuambiwa. Zima swichi kuu, shika saa. Jenereta ikikataa, mara nyingi tatizo ni betri ya kuwashia: imekufa kwa sababu chaja yake ilichomolewa ili soketi itumike kwa kitu kingine. Ikikubali, tembea nayo: thieta, wodi ya wazazi, chumba cha watoto njiti, friji ya damu, friji ya chanjo. Kisha nenda kwenye pampu ya kisima. Kosa linalojirudia mno ni kwamba pampu ya maji haikuunganishwa kwenye laini ya jenereta, kwa hiyo umeme ukikatika siku mbili hospitali ina taa lakini haina maji. Fahirisi inauliza umeme na maji kwenye kurasa tofauti, na huu mshono katikati yao haiukamati vizuri. Uandike mwenyewe kwenye safu ya maoni.

Mafuta nayo yana hesabu. Jenereta ya dizeli ya kVA 100 ikibeba robo tatu ya uwezo wake hunywa takriban lita 15 hadi 18 kwa saa. Kwa saa 72 unahitaji kama lita 1,300. Tangi lililoko chini ya jenereta yenyewe likiwa la lita 200 litakufikisha saa 11 hadi 13. Vibali vya kununulia mafuta havitoki saa nane usiku barabara ikiwa imekatika, kwa hiyo akiba lazima iwe ndani ya uzio. Dizeli iliyokaa muda mrefu hukusanya maji na utelezi chini ya pipa, ikaziba filta siku ile ile unayoihitaji. Tumia ya zamani kwanza, jaza mpya, na toa maji kwenye koki ya chini ya tangi kila mwezi. Jaribio la mwezi lifanyike na mzigo, angalau nusu saa na angalau asilimia 30 ya uwezo. Jenereta inayowashwa dakika tano bila mzigo inajaza masizi kwenye mfumo wa moshi, na kila mtu anaondoka akiamini ni nzima.

Mahali ilipo jenereta ni kipengele kingine, na mfano wa kukumbuka ni hospitali ya Bellevue ya New York. Kimbunga Sandy kilipokuja Oktoba 2012, jenereta zake zilikuwa ghorofa ya 13, juu kabisa ya mafuriko. Pampu za kupandishia mafuta zilikuwa chini ya ardhi, zikazama. Watu walijipanga kwenye ngazi wakapitisha mafuta mkono kwa mkono, na mwishowe wagonjwa wakahamishwa. Kwa hiyo usiishie kuangalia jenereta. Fuata bomba la mafuta mpaka mwanzo wake, fuata waya mpaka kwenye bodi ya umeme, na kila kifaa utakachokuta njiani kipime urefu wake kutoka alama ya juu kabisa ya maji inayojulikana. Bodi kuu ya umeme iliyofungwa sentimita 40 kutoka sakafuni, karibu na mtaro, ndiyo Bellevue ya kwetu.

Maji. Mwongozo unatumia lita 300 kwa kitanda kwa siku, kwa saa 72. Hospitali ya vitanda 120 inahitaji lita 108,000, sawa na Simtank 11 za lita 10,000. Mganga mfawidhi akiiona namba hiyo hufunga faili. Hapa tunatofautiana na Fahirisi kidogo: lita 300 ni matumizi ya hospitali kamili yenye dobi na vyoo vya kuvuta. Viwango vya Sphere vya huduma za dharura vinasema lita 40 hadi 60 kwa mgonjwa aliyelazwa kwa siku, na lita 100 kwa kila upasuaji au uzazi. Kwa vitanda 120 vilivyojaa, lita 60 kwa siku tatu ni lita 21,600. Ongeza upasuaji na uzazi 15 kwa siku, hiyo ni lita 4,500 nyingine. Jumla lita 26,100: matangi matatu. Fahirisi itaendelea kukupa alama ya chini, na ni haki yake, lakini matangi matatu yanayonunulika mwaka huu yanawaosha wagonjwa kuliko kumi na moja ya kwenye andiko la mradi.

Ila kuwa na matangi ni nusu ya kazi. Matangi matatu yaliyounganishwa kwa bomba moja bila koki katikati ni tangi moja kubwa: bomba likipasuka popote, yote yanamwagika usiku huo. Weka koki kwenye mdomo wa kila tangi, na tangi moja libaki limefungwa kama akiba, likibadilishwa na lingine kila wiki ili klorini isiishe. Klorini iliyobaki kwenye maji iwe miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, na kipimo chake ni cha dakika mbili. Pale bomba gumu la plastiki linapotoka kwenye tangi kuingia ukutani, weka kipande kinachopinda, kwa sababu tangi na jengo havitikisiki pamoja. Na mnara: lita 10,000 ni tani 10. Mnara wa vyuma uliojengwa kwa tangi la lita 5,000 kisha ukapandishiwa la pili ni hatari inayoning'inia juu ya njia ya wagonjwa. Moduli ya tatu inauliza usalama wa tangi, lakini swali la mnara mpe mhandisi wa moduli ya pili.

Oksijeni haina mjadala mrefu, ina hesabu tu. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukitoa lita 5 kwa dakika unadumu kama saa 22. Wagonjwa sita kwa kiwango hicho wanamaliza lita 43,200 kwa siku, yaani mitungi kati ya sita na saba, na kwa siku tatu ni 19 au 20. Mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani ni nzuri mpaka umeme ukatike, kwa hiyo ziingie kwenye hesabu ya jenereta na mitungi ibaki. Mitungi ifungwe kwa minyororo miwili, mmoja theluthi ya kwanza kutoka chini, mwingine theluthi ya juu, na ndoano iingie kwenye tofali au zege kwa bolti ya kutanuka. Ndoano iliyopigwa kwenye lipu hutoka na lipu lake. Mtungi uliojaa ukianguka na kichwa kikavunjika, unaruka kama kombora. Mnyororo wenyewe bei yake ni ya mlo wa mchana.

Vitu vidogo vidogo ndivyo vinavyofunga wodi. Rafu za stoo ya dawa zifungwe ukutani na ziwekewe kizuizi cha sentimita 3 hadi 5 mbele. Chupa za dripu zikae rafu za chini na pamba juu, ingawa stoo nyingi zimepanga kinyume chake, kwa kuwa pamba ndiyo inayotolewa mara nyingi. Kama eneo lina mafuriko, kanuni inageuka: chini kabisa kusiwe na kitu kisichovumilia maji. Ndiyo faida ya kuwa umeijaza vizuri ile moduli ya kwanza. Taa za dari zifungwe kwa waya hadi kwenye kenchi, zisitegemee bodi ya dari. Magurudumu ya vitanda na mashine yawe na breki zinazoshika. Jaribu kila moja kwa mguu.

Moduli ya nne, usimamizi, ndiyo rahisi kudanganya. Kamati ipo, mpango upo, mafunzo yalifanyika, kila kitu kina karatasi na sahihi. Ukitaka kujua ukweli fanya majaribio matatu yasiyohitaji bajeti. Kwanza, chukua orodha ya simu za dharura na upige zote Jumapili saa tatu usiku. Hesabu waliopokea, na ni wangapi walishahamishwa kituo. Pili, muulize muuguzi wa zamu ya usiku ufunguo wa stoo ya vifaa vya dharura uko wapi. Akisema uko kwa mtunza stoo, muulize mtunza stoo anakaa wapi na kama kuna mto katikati. Tatu, soma mpango wenyewe mpaka mwisho. Mipango mingi imenakiliwa, na wakati mwingine utakuta jina la hospitali nyingine limesahaulika ukurasa wa saba. Mpango usiosema ni eneo gani la uwanja litakuwa la wenye kadi nyekundu (majeruhi wa kuhudumiwa kwanza), lipi la njano, lipi la kijani (wanaoweza kusubiri), na maiti zitawekwa wapi mochwari ikijaa, hauwezi kutumika na mtu aliye zamu.

Mawasiliano yasitegemee simu peke yake. Minara ya simu huishiwa betri na mafuta kama sisi. Redio ya upepo moja hospitalini na nyingine kwa kamati ya maafa ya wilaya, zikijaribiwa kila Jumatatu, zinapandisha alama kuliko warsha.

Kasoro za kifaa chenyewe hatuzifichi. Mwongozo wa Kiingereza ni mzito, na mtu unayemhitaji zaidi kwenye moduli ya tatu ni fundi bomba na fundi umeme, ambao wengi wao wanajua kila koki lakini hawatasoma kurasa hizo. Mtu mmoja wa timu atafsiri maswali kwa mdomo, papo hapo, mbele ya koki yenyewe. Halafu Fahirisi ilikua kwenye hospitali kubwa za Amerika. Inauliza lifti, viyoyozi vya kati, boila, gesi ya mabomba. Hospitali yetu ya wilaya haina nusu ya hivyo. Kipengele kisichohusika unakiacha wazi na kuandika sababu kwenye maoni. Ubaya wake ni kwamba nafasi tupu zikiwa nyingi, alama inabebwa na vipengele vichache, na mkaguzi mwenye huruma anaweza kuacha wazi kile ambacho kilipaswa kupewa "chini". Kanuni yetu ni hii: kama hospitali inahitaji kitu na haina, ni chini. Kiachwe wazi kile tu isichokihitaji. Kwa zahanati na vituo vya afya, usihangaike na fomu nzima. Chukua maswali ya maji, umeme, paa na mawasiliano, basi.

Udhaifu mwingine ni mkono wa mkaguzi. Timu mbili zinaweza kutofautiana kwenye hospitali moja, hasa kwa vipengele visivyo na kipimo cha namba. Piga picha ya kila kipengele kilichopewa chini au juu, na hospitali isikaguliwe na watu wake peke yao. Mkabadilishane na hospitali jirani: ninyi mkague yao, wao wakague yenu.

Timu nzuri ni ya watu sita hadi wanane: mhandisi wa majengo, fundi umeme, fundi bomba, mtu wa vifaa tiba, muuguzi mwenye miaka mingi wodini, mfamasia, daktari, na mtu wa kamati ya maafa. Siku ya kwanza ni ya kupitia fomu ya kwanza iliyojazwa na hospitali, ramani na kikao kifupi. Siku ya pili asubuhi gawaneni makundi matatu kwa moduli, mchana mkae pamoja mpitie kila alama kabla ya kugusa kikokotoo. Asiyekubaliana na alama arudi na mwenzake kwenye kitu chenyewe wakakiangalie. Siku ya tatu andikeni orodha ya marekebisho kwa safu tatu: ya kufanywa wiki hii na fundi wa hospitali, ya kuingia kwenye bajeti ya mwaka, na ya kupelekwa mkoani. Safu ya kwanza huwa ndefu kuliko watu wanavyotegemea: minyororo, koki, chaja ya betri, kuhamisha chupa, kufungua mtaro uliozibwa na majani nyuma ya mochwari. Mkirudi baada ya miezi sita, kagueni safu hiyo kabla ya kufungua Excel.